Barakoa ya Golikipa: Nani Anasema?

Wahakiki wengi tumezoea kuitafuta sanaa ya maneno kitabuni na jukwaani tu. Katika makala haya nadai kwamba hata barakoa ya golikipa wa hoki ya barafu, ule mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu kwa viatu vya vyuma, ni matini kama matini nyingine. Ina fani, ina maudhui, ina hadhira, na kumbe ina wadhibiti wake pia!

Tuanze na chimbuko. Kwa miaka mingi magolikipa walisimama langoni nyuso wazi, ilhali kisahani wanachokizuia ni cha mpira mgumu wa gramu 170 hivi, na kasi yake huweza kupita kilomita 160 kwa saa. Si mchezo. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, Jacques Plante wa Montreal Canadiens alipigwa usoni, akashonwa, akakataa kurudi uwanjani bila barakoa. Kocha wake, Toe Blake, hakulipenda wazo hilo, lakini golikipa wa akiba hakuwepo. Akakubali.

Miaka ya 1960 ikielekea mwisho, barakoa nyeupe ya Gerry Cheevers wa Boston Bruins ilichorwa mshono mweusi. Aliyechora ni mhudumu wa timu, John Forristall, tena kwa utani tu. Tangu hapo, barakoa ilipopigwa, uliongezwa mshono mwingine pale ambapo ngozi ingechanika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kifaa kilipogeuka matini: kilianza kusimulia majeraha ambayo hayakutokea, lakini yangetokea.

Sasa fani. Siku hizi kazi hii ina mafundi wake wanaojulikana, kama vile David Gunnarsson wa Sweden. Fundi husikiliza mawazo ya mchezaji, huchora rasimu, hulisugua gamba kwa msasa ili rangi ishike, huziba sehemu kwa utepe, hupuliza rangi tabaka kwa tabaka, kisha humalizia kwa vanishi. Umbo lenyewe humbana kama vina na mizani vinavyombana malenga: katikati pana wavu wa chuma, basi picha lazima igawanyike kushoto na kulia. Bamba la kisogoni mara nyingi huachiwa mambo ya moyoni, kwa mfano jina la mtoto au la marehemu. Mbele mchezaji husema na umati, nyuma husema na watu wake. Anayejua kanga ataelewa haraka: mji, pindo na jina vina mahali pake, na anayevaa ndiye anayesema, ingawa aliyetunga ni mwingine.

Tatizo huanza mchezaji anapovaa jezi ya taifa. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki inazuia matangazo ya biashara na propaganda za kisiasa. Vancouver mwaka 2010, Mmarekani Jonathan Quick alitakiwa aondoe maneno ya kuwaunga mkono wanajeshi. Sochi mwaka 2014, mwenzake Jessie Vetter alitakiwa afute maneno ya utangulizi wa Katiba ya Marekani. Pyeongchang mwaka 2018, picha ya Sanamu ya Uhuru kwenye barakoa za wanawake wa Marekani ilizua mjadala, lakini mwishowe ikaruhusiwa.

Hebu tuangalie vizuri, ndugu msomaji. Katika mifano hii mitatu, maneno yamefutwa, picha imepita. Nadhani sababu ni kwamba picha humwachia mwenyewe njia ya kutokea: akiulizwa, atasema ni pambo tu. Neno likishaandikwa halina kisingizio hicho.

Wapo watakaosema kanuni hiyo ni ya haki, kwa kuwa uwanja si mahali pa siasa. Sawa, lakini bendera na rangi za taifa zilizojaa kwenye barakoa hizohizo, je, hizo si siasa? Nchi inaruhusiwa kusema kupitia uso wa mchezaji, ila mchezaji mwenyewe akitaka kusema, eti hiyo ni propaganda. Mhakiki anayeishia kusifu rangi na ufundi amesoma fani peke yake. Naye aulize: ni nini kilifutwa kabla barakoa haijafika uwanjani, na ni nani aliyeamuru?