Kuburudika na Kuchangamka: Jinsi Muziki Unavyoinua Moyo, kwa Mifano kutoka Lubumbashi

0. Utangulizi

Kwamba muziki hubadilisha hali ya moyo ni jambo linalofahamika kwa kila mkazi wa Lubumbashi, na halihitaji ushahidi wa wataalamu. Linalohitaji maelezo ni namna jambo hilo linavyotokea. Sauti si chakula, si dawa, wala si mshahara. Imekuwaje basi imwondolee mtu uzito moyoni? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kupitia njia tatu: msamiati wa Kiswahili, historia ya muziki katika mji wa shaba, na matokeo ya utafiti wa saikolojia na wa ubongo. Mwishoni tutaligusa swali gumu zaidi, yaani, iwapo moyo ulioinuliwa na muziki umepata nguvu au umeleweshwa tu.

Swali hili la mwisho si la anasa. Uzalishaji wa Gécamines uliporomoka katika miaka ya mwanzo ya 1990, na mnamo mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa shirika hilo waliachishwa kazi chini ya mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Familia nyingi za Katanga zimeonja miezi isiyo na mshahara. Anayewashauri watu wa hali hiyo wasikilize muziki ili wafurahi hana budi aeleze anachosema ni nini hasa.

1. Lugha inasema nini

Tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi burudika, ambacho ndicho kinachotujia kwanza tunapotaja muziki, kina asili ya Kiarabu katika mzizi wenye maana ya ubaridi. Anayeburudika, kwa hiyo, ni yule aliyepozwa. Taswira hiyo hiyo imo katika kitenzi cha Kibantu kupoa. Kwa mtazamo huu, moyo wenye wasiwasi au hasira ni moyo unaowaka, na kazi ya muziki ni kuuzima moto.

Lakini Kiswahili kina kundi la pili la maneno ambalo mwelekeo wake ni kinyume cha lile la kwanza: kuchangamka, kuamka, kuhamasika. Hapa tatizo la moyo si joto bali ni usingizi. Moyo umelala, umenyong'onyea, na muziki unauamsha. Hivyo lugha inatambua magonjwa mawili na tiba mbili, ingawa ala inayotumika yaweza kuwa gitaa moja.

Inastaajabisha kuona kwamba saikolojia imefikia mgawanyo unaofanana na huu. Mnamo mwaka 1980 James Russell alipendekeza kwamba hisia zote zipangwe juu ya mihimili miwili: mmoja unatoka katika hali isiyopendeza kwenda kwenye ile inayopendeza, na mwingine unatoka katika utulivu kwenda kwenye mwamko. Wasiwasi na huzuni zote hazipendezi. Lakini wasiwasi ni mwamko uliozidi, na huzuni aghalabu ni mwamko uliopungua. Mwanafunzi anayetetemeka usiku wa kuamkia mtihani anahitaji kuburudika, ilhali mwenziwe ambaye ameshindwa kuondoka kitandani siku nzima anahitaji kuchangamka. Wimbo unaomfaa mmoja waweza kumdhuru mwingine.

Kuna jambo la tatu la kisarufi. Kuliwaza, kutumbuiza na kubembeleza ni vitenzi elekezi: mtu humliwaza mwenzake, mama humbembeleza mtoto. Katika matumizi haya kitulizo ni kitu ambacho mtu mmoja humpa mwingine. Wasemaji wa Lubumbashi wameongeza juu ya hayo neno la Kifaransa, ambiansi, ambalo halitaji hali ya mtu mmoja bali hali ya mahali na ya watu waliokusanyika hapo. Tutaona baadaye kwamba lugha haikukosea.

2. Mji wa shaba na nyimbo zake

Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, ilianzishwa mwaka 1910, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Ilikuwa mji wa wageni. Wachimbaji walitoka mbali, wengi wao wakiwa vijana wasio na ndugu karibu, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Muziki nao ulifanya kazi kama hiyo. Ngoma ya beni, iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya kama Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ilisambaa katika Afrika ya Mashariki hadi ikafika Katanga, kama alivyoeleza Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975. Upande wa pili wa mpaka, katika migodi ya Zambia ya leo, Clyde Mitchell alieleza mwaka 1956 jinsi wachezaji wa kalela, wakiwa wamevaa nadhifu, walivyoyafanyia mzaha makabila mengine. Watu waliotupwa pamoja na kazi walipata katika ngoma njia ya kucheka pamoja.

Katika miaka ya 1950 gitaa lilichukua nafasi ya mbele. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, kijana aitwaye Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke (1930–1990). Wimbo wake Masanga ulivuka mipaka ya Katanga, na mtindo wake wa kupiga nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada ukaigwa Kenya na kwingineko. Édouard Masengo naye aliufikisha muziki wa Katanga hadi Nairobi. Katika kanisa, Joseph Kiwele (1912–1961) alitunga Misa Katanga, iliyoimbwa na kwaya ya watoto ya Msalaba wa Shaba. Mitaani ipo karindula, ala inayofanana na banjo kubwa mno, iliyoundwa kwa pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na shingo ya mbao. Pipa ambalo kiwanda kimelitupa linageuzwa kuwa chombo cha kuwachezesha watu mpaka jasho liwatoke.

3. Kinachotokea ndani ya mwili

Je, msikilizaji wa nyimbo hizi hupatwa na nini? Maelezo ya kwanza yanahusu matarajio. Leonard Meyer alieleza mwaka 1956 kwamba hisia katika muziki huzaliwa pale ambapo msikilizaji anatarajia jambo fulani, likacheleweshwa, likageuzwa kidogo, au likatimizwa. Upigaji gitaa wa Mwenda ni mfano mzuri wa jambo hilo. Mzunguko mfupi wa sauti hurudiwa tena na tena, hata sikio likajua kinachofuata. Kisha kidole kimoja hubadilisha mahali pa mdundo, na sikio likashtuka kwa furaha. Marudio hutoa usalama, na badiliko dogo hutoa msisimko. Mtu ambaye maisha yake yamejaa mambo asiyoweza kuyatabiri hupata, kwa dakika tatu, ulimwengu mdogo ambamo matarajio hutimizwa.

Maelezo ya pili yanahusu ubongo. Mwaka 2001 Anne Blood na Robert Zatorre wa Montréal walionyesha kwamba msikilizaji anaposisimkwa na muziki aupendao, sehemu za ubongo zinazofanya kazi ni zile zinazohusika na raha za msingi kama chakula. Mwaka 2011 Valorie Salimpoor na wenzake waliendelea zaidi: waligundua kwamba ubongo hutoa dopamini wakati wa kilele cha raha hiyo, na pia katika muda wa kukingojea kilele hicho, kila wakati katika sehemu yake. Haya yanaafikiana na hoja ya Meyer kwamba kungojea ni sehemu ya raha. Si watu wote, hata hivyo, walio sawa. Watafiti wa Barcelona walionyesha mwaka 2014 kwamba wapo watu wachache wenye afya njema ambao muziki hauwapi raha yoyote. Hao hawana kasoro ya tabia, na si vema kuwalazimisha.

Maelezo ya tatu ni ya nia. Yuna Ferguson na Kennon Sheldon walichapisha mwaka 2013 majaribio yaliyofanyika Marekani. Katika jaribio la kwanza baadhi ya wasikilizaji walipewa muziki mchangamfu wa Copland, na wengine muziki wa Stravinsky. Nusu yao waliambiwa wajaribu kujifurahisha, na nusu wasikilize tu. Waliopata nafuu kubwa zaidi ni wale waliounganisha mambo mawili, yaani muziki mchangamfu na nia ya kufurahi. Jaribio la pili, lililodumu wiki mbili, lilielekea upande huo huo. Redio inayolia jikoni bila kusikilizwa, basi, si sawa na wimbo uliochaguliwa na kuketiwa.

4. Muziki wa huzuni

Hapa msomaji anaweza kuuliza: mbona watu wenye majonzi huchagua nyimbo za majonzi? Kwenye kilio watu hukesha wakiimba, na hawaanzi kwa nyimbo za arusi. Mwaka 1948 Ira Altshuler, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa kwa muziki huko Marekani, alitoa kanuni kwamba muziki sharti kwanza ufanane na hali aliyo nayo mgonjwa, kisha ubadilike polepole kuelekea hali inayotakiwa. Kwa maneno mengine, mfariji huenda kwanza mahali alipo mfiwa, ndipo amshike mkono. Wimbo mchangamfu unaomwangukia ghafla mtu mwenye huzuni humfanya ajione ametengwa.

Hata hivyo kuna hatari. Wapo wanaoutumia wimbo wa huzuni si kwa kupita bali kwa kukaa, wakirudia wazo lile lile la uchungu usiku hata usiku. Kwa mtu wa namna hiyo muziki hauliwazi, unalisha ugonjwa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: baada ya nyimbo kadhaa anajisikia vibaya zaidi kuliko alipoanza.

5. Kutia nguvu au kulevya?

Sasa turudi kwenye swali letu gumu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilifuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi pamoja na familia zao katika makambi, na burudani ilikuwa sehemu ya utaratibu huo. Mwajiri alikuwa na faida yake katika mfanyakazi aliyeburudika. Baadaye, katika Zaire ya Mobutu, nyimbo na ngoma za kuusifu utawala ziliitwa animasiyo, na watu walitakiwa kuzicheza watake wasitake. Kiwele mwenyewe, aliyetunga misa, ndiye pia aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Kwa hiyo hatuna budi kukubali kwamba uwezo wa muziki wa kuinua mioyo hauna upande. Huinua mioyo ya waabuduo, ya wachimbaji, na ya waandamanaji wa jeshi lolote.

Tofauti, kwa maoni yetu, iko katika mambo mawili. La kwanza ni hiari. Anayeamrishwa kucheza anaweza kucheza vizuri na bado moyo wake ukabaki palepale. La pili ni kile ambacho mtu anafanya wimbo unapokwisha. Kilevi humwacha mtu dhaifu kuliko alivyokuwa. Kiliwazo humrudisha kwenye kazi, kwenye masomo, au kwenye madai ya haki yake. Wacheza kalela waliokejeli maisha ya mgodini hawakuwa wameyasahau. Waliyatazama kutoka mahali palipoinuka kidogo.

Hali kadhalika tusidai zaidi ya yale yaliyothibitishwa. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya majaribio 26 yenye wagonjwa 2,051 ulionyesha kwamba kusikiliza muziki kunaweza kupunguza wasiwasi kabla ya upasuaji. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2017, wenye tafiti 9 na watu 421, ulionyesha kwamba tiba ya muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida ya sonona huleta nafuu kwa muda mfupi. Neno la kuzingatia ni "ikiongezwa". Mwanafunzi aliyepoteza usingizi, hamu ya chakula na matumaini kwa wiki kadhaa anahitaji kumwona mganga, na wenzake wanapaswa kumpeleka.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba muziki huinua moyo kwa kupoza au kwa kuamsha, kwa kuyatimiza matarajio, na kwa msaada wa nia ya msikilizaji. Kutokana na hayo tunaweza kutoa mashauri machache. Mtu ajiulize kwanza iwapo moyo wake unawaka au umelala. Achague mwenyewe wimbo aupendao, unaofanana na hali aliyo nayo, kisha asogee hatua kwa hatua. Ausikilize badala ya kuuacha ulie tu. Na ikiwezekana, asiwe peke yake: aimbe, apige makofi, acheze pamoja na wengine, kwa kuwa kuliwaza, kama sarufi yetu inavyotukumbusha, ni kitenzi kinachohitaji watu wawili.

Kwa idara za Kiswahili pana kazi iliyobaki. Msamiati wa hisia unaotumiwa na wasemaji wa Lubumbashi, katika nyimbo za gitaa, za kanisani na za karindula, unastahili kukusanywa kwa makini kutoka vinywani mwa wazee wanaozikumbuka. Wao ndio waliotumia nyimbo hizo kuvuka nyakati ngumu, na maneno yao yatatufundisha mengi ambayo picha za ubongo haziwezi kuyaonyesha.