Kengele za Zeng: nakshi yenye kazi

Mwaka 1978, wanaakiolojia walifungua kaburi la Yi, mtawala wa dola ndogo ya Zeng, huko Suizhou katika mkoa wa Hubei, China. Kaburi lilikuwa limejaa maji. Humo mlikuwa na kengele 65 za shaba iliyochanganywa na bati, nyingi zikiwa bado zimening'inia kwenye chanja yake ya ngazi tatu, baada ya miaka zaidi ya 2,400. Kubwa kuliko zote ina uzito wa zaidi ya kilo 200.

Kengele hizi hazina ulimi. Mpigaji huzigonga kwa nje, kwa nyundo za mti au, zile kubwa, kwa mti mrefu. Na hazikuumbwa duara: mwili wake umebanwa, kama vigae viwili vilivyokutanishwa kingo kwa kingo. Umbo hilo ndilo siri yake. Ukigonga katikati ya mdomo unapata sauti moja. Ukigonga pembeni unapata nyingine, iliyo juu zaidi. Kengele ya duara huvuma kwa muda mrefu na kuvuruga wimbo, lakini hizi hunyamaza mapema, kwa hiyo wimbo husikika wazi.

Watazamaji wengi husifu nakshi kama pambo tu. Mimi naona wanazipunja. Tazama kengele kubwa kwa karibu: kifuani ina vinundu 36, 18 kila upande, vimepangwa safu kwa safu. Vinaipendezesha, ndiyo, lakini uzito wake pia husaidia kuzima mvumo. Chini yake, penye kugongwa, majoka yamejisokota pande mbili kwa ulinganifu, yote yakiwa yamechorwa kwanza kwenye kalibu za udongo kabla shaba haijamiminwa. Kwenye kengele za kale zaidi, za enzi ya Zhou Magharibi, mara nyingi ndege mdogo alichorwa pembeni kuonyesha mahali pa kugonga ili kupata sauti ya pili. Mafundi wa Zeng waliandika majina ya sauti zenyewe, maandishi yakatiwa dhahabu, na wakaeleza zinavyoitwa katika dola nyingine kama Chu na Jin.

Kengele moja haifanani na wenzake. Maandishi yake yanasema ilitolewa na mfalme Hui wa Chu kwa ajili ya ibada za Yi, katika mwaka wa 56 wa utawala wa mfalme huyo, yaani 433 KK. Kwa maandishi hayo tunajua umri wa kaburi.

Kengele zenyewe zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Mkoa wa Hubei, mjini Wuhan. Muziki unaopigiwa wageni hutoka kwenye nakala.