Bomba la Kupunguzia Maji katika Birika la Samaki

Mkulima anayefuga tilapia katika birika la saruji au tangi la plastiki hupata hasara kwa njia mbili. Maji yakizidi hufurika, na samaki hutoka nayo. Na akitia mpira ili kuyapunguza, kisha akaenda shambani, mpira hunyonya mpaka maji yakaisha, naye hurudi na kukuta samaki wamekufa. Kutoboa ukuta si dawa nzuri, kwani saruji iliyotobolewa mara nyingi huvuja. Dawa ni bomba la PVC lipitalo juu ya ukuta, litoalo maji yaliyozidi tu, kisha likasimama lenyewe.

Ndugu mkulima, ukiingia Mombasa kwa barabara ya Nairobi unapita Makupa. Kwa miaka mingi tuta la barabara hapo lilizuia maji ya bahari yasipite baina ya kisiwa na bara, mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022. Maji ni lazima yapate njia. Lakini katika birika la samaki, njia hiyo iwe na kipimo.

Vifaa. Nunua bomba la PVC la inchi 1, elbo 7, ti 1, gundi ya mabomba, mpira mwembamba na kipande cha wavu. Kata kwa msumeno wa chuma.

Kwanza, upande wa ndani. Simamisha kipande cha inchi 8, mdomo wake ukiwa wazi juu. Mdomo huu ndio kipimo: uweke pale unapotaka maji yakome. Chini tia elbo 2 ili bomba ligeuke na kupanda hadi juu ya ukuta.

Pili, juu ya ukuta tia elbo 2, bomba livuke na kushuka nje.

Tatu, upande wa nje. Chini tia elbo 2 ili bomba lipande tena, kisha tia ti. Tundu la pembeni la ti liwe chini ya mdomo wa ndani kwa inchi 2. Hapo tia elbo ya mwisho na bomba la kupeleka maji bustanini. Tundu la juu la ti usilizibe kamwe. Hewa iingiayo hapo hulizuia bomba la bustanini lisinyonye maji yaliyobaki katika kona ya nje.

Nne, toboa tundu dogo juu ya bomba livukalo ukuta, utie mpira mwembamba, na uzibe pembeni kwa gundi. Ngoja siku nzima gundi ikauke, kisha suuza bomba lote.

Kulianzisha. Jaza birika mpaka maji yaingie katika mdomo wa ndani. Mimina maji katika ti mpaka yatoke pembeni. Sasa vuta hewa kwa mpira mwembamba mpaka maji yafike, kisha ukunje na kuufunga sana. Maji yataanza kutoka.

Kwa nini husimama? Maji ya birika yakishuka hadi mdomo wa ndani, hakuna tena yaingiayo. Yaliyo ndani ya bomba hushuka mpaka yawe sawa na tundu la ti, nayo hutulia. Kona mbili za chini hubaki zimejaa, hewa haipati pa kupenya. Maji yakizidi tena, bomba hufanya kazi bila kuvutwa.

Angalia mambo haya. Funika mdomo wa ndani kwa wavu, na uusafishe mara kwa mara, maana jani moja laweza kuuziba. Vipovu vya hewa hukusanyika juu ya ukuta. Ukiona maji yatoka polepole, vuta hewa tena. Bomba la inchi 1 hufaa maji ya mfereji mdogo. Kama maji ya paa zima huingia birikani wakati wa masika, tumia bomba nene zaidi, au tia mabomba mawili.

Lijaribu kwa siku mbili kabla ya kutia samaki. Maji yatokayo yana mbolea ya samaki. Yaelekeze kwenye migomba au mchicha. Ukikwama, mwulize afisa wa uvuvi wa kaunti yako.