Zizi la umma linalokosekana Masisi

Maharage yakiwa yameanza kutoa maua, ng'ombe wawili watatu wakiingia shambani usiku mmoja tu wanamwachia mama mwenye shamba mashina matupu. Katika vilima vya Mushaki, Karuba na Ngungu, wilayani Masisi, jambo hili ni la kila msimu. Malisho makubwa, mengi yakiwa yamegawiwa tangu enzi ya Wabelgiji na kupata wenyewe wapya baada ya Mobutu kutaifisha mali za wageni mwaka 1973, yanapakana na vishamba vya watu wasio na pengine pa kulima. Mpaka wenyewe ni senyenge iliyolegea, au uzio wa miti ya miyenzi wenye mianya. Mchungaji ni kijana anayelipwa kidogo, na usiku wa mvua usingizi humchukua kama mtu mwingine yeyote.

Asubuhi ng'ombe anakamatwa. Hapo ndipo mashaka yanapoanza, maana hakuna ajuaye pa kumpeleka. Akifungwa kwa mkulima, mfugaji atadai ameibiwa. Akipelekwa kwa shefu wa kijiji, shefu huyo huyo anakuwa mlinzi, mpima hasara, mwamuzi na mpokea faini. Akiangukia mikononi mwa wenye bunduki, wa upande wowote ule, bei ya kumkomboa wataipanga wao. Na maziwa ya siku hizo anakunywa nani? Ndama aliyeachwa kilimani ananyonya nini? Maneno ya namna hii huchemsha damu kuliko hata maharage yaliyoliwa, na katika wilaya ambako ardhi imekwisha kumwaga damu nyingi tangu mwaka 1993, hakuna ugomvi wa shamba ulio mdogo.

Sheria haijakosekana. Dekri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo bado ni msingi wa sheria za madeni na fidia nchini Kongo, inaeleza katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama, au anayemtumia, ndiye anayebeba hasara aliyoileta mnyama huyo, hata kama alipotea au alitoroka. Kwa hiyo anayejitetea kwamba ng'ombe alikata kamba usiku bado anadaiwa. Lakini kifungu hicho hakimwambii mkulima wa Karuba amfunge wapi ng'ombe aliyemshika saa kumi na moja alfajiri.

Zizi la umma ninalolitaka, la kumfungia mnyama kama huyo, halihitaji mradi wala wafadhili. Linahitaji nguzo za miti, kivuli, maji ya karibu na daftari. Mnyama akiingia, iandikwe saa, rangi yake, alama za masikio na pembe, jina la aliyemleta na shamba alimokutwa. Agronomu apime hasara siku hiyo hiyo, mfugaji na mkulima wote wakiwa wamesimama palepale shambani, kabla mimea haijanyauka na kila mmoja hajaanza kuhesabu kwa namna yake. Gharama ya ulinzi kwa siku ijulikane na watu wote. Maziwa yauzwe, na franga zake ziandikwe. Siku zilizowekwa zikipita bila mwenyewe kujitokeza, ng'ombe auzwe mbele ya watu, mkulima afidiwe, na salio lihifadhiwe. Juu ya yote, mlinzi wa zizi asiruhusiwe kabisa kuamua kesi. Wafugaji wa Kivu Kaskazini wana shirika lao, ACOGENOKI, na wakulima wana vyama vyao. Kila upande uweke mtu mmoja wa kulitazama daftari.

Zizi hilo lingetufaa pia kwa magonjwa. Ng'ombe aliyepotea huja bila habari zake: hatujui amepita wapi, wala amechanganyika na kundi gani. Kila mapigano yanapozuka, makundi huhamishwa, mengine kutoka nyanda za Kalehe kupanda Ngungu, mengine kutoka Kitchanga kuteremka Sake. Humo njiani kuna homa ya mapafu, ugonjwa wa miguu na midomo, na kupe wa ndigana kali. Mnyama wa namna hiyo akifungwa pamoja na ng'ombe wa jirani, kijiji kizima kinaweza kulipia kosa la mmoja. Anapaswa kuwa na ua wake na maji yake, anyunyiziwe dawa ya kupe, na asitoke kabla daktari wa mifugo hajamtazama.

Ukishuka kuelekea wilaya ya Walikale, malisho yanaisha na msitu unaanza. Huko mnyama wa kuhofiwa ni mbwa. Wawindaji wanatembea nao, wengine wakiwafunga kengele ya mti shingoni, na wakirudi kijijini mbwa hao huzurura wapendavyo. Mmoja akimng'ata mtoto, vijana wanakimbilia panga. Naelewa hasira hiyo, lakini inatugharimu. Mbwa aliyeng'ata, akifungwa kwa mnyororo na kuangaliwa siku kumi akabaki mzima, anatuhakikishia kwamba mate yake hayakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa siku aliyong'ata. Akiuawa na kutupwa mtoni, daktari anabaki gizani.

Mtoto mwenyewe hatakiwi kusubiri siku hizo kumi. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 nzima, kisha chanjo ianze. Mbwa akionekana mzima baadaye, dozi zilizobaki zinaweza kusimamishwa. Pale ambapo chanjo ni chache, na ambapo lazima isafiri ikiwa baridi kwenye barabara tunazozijua, mbwa aliyefungwa vizuri anaweza kumwokoa mgonjwa mwingine kwa dozi zilizookolewa. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mwaka 2014 madaktari wa Kinshasa walichapisha habari za watoto 21 waliopatwa na ugonjwa huo. Na hauzuiliwi kwa panga: kinachohitajika ni kuchanja walau mbwa 70 katika kila 100. Kisiwani Pemba, Tanzania, walichanja mwaka baada ya mwaka, ugonjwa ukakatika mwaka 2014, ukaingia tena 2016, wakachanja tena hadi ukakatika 2018.

Karantini si jambo geni kwetu. Katika kituo cha GRACE, Kasugho, wilayani Lubero, wamelelewa gorila walionyang'anywa wawindaji, watatu wao wakiitwa kwa majina ya vijiji vya Walikale: Pinga, Itebero na Ndjingala. Gorila kama hao hutengwa na kupimwa kwanza kabla ya kuunganishwa na wenzao, kwa kuwa magonjwa yetu yanawaua na yao yanatufikia. Mbwa wa jirani anastahili uangalizi wa namna hiyo hiyo.

Nitaulizwa, zizi litasimamaje vitani? Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi mjini, na Machi wakaingia Walikale mjini, kisha wakaondoka mapema Aprili. Ndiyo sababu nasema zizi likae kwenye ngazi ya vijiji, na daftari liwe na nakala mbili: moja kwa mlinzi, nyingine parokiani au kwenye kituo cha afya. Mamlaka yakibadilika tena, mkulima ataweza kuonyesha ng'ombe alishikwa lini, hasara ilikuwa kiasi gani na nani alilipa, na mfugaji ataweza kuthibitisha kwamba deni lile amekwisha kulimaliza.