Imani Isiyo na Hekalu: Mungu, Ng'ombe na Nyasi kwa Wamasai wa Kajiado

Watu wa kale wa Sumer, katika nchi iitwayo leo Iraki, walimjengea kila mungu nyumba yake. Mji wa Ur ulikuwa wa mungu wa mwezi, na Uruk ulikuwa wa Inanna. Mashamba na mifugo mingi ilikuwa mali ya hekalu, na makarani wakaihesabu juu ya vibao vya udongo. Atakaye kuijua dini yao huchimba magofu. Lakini mtu akichimba uwanda wote wa Kitengela hataona hekalu hata moja la Wamasai, ingawa hao nao walikuwa na dini iliyotawala maisha yao yote.

Wamasai humwita Mungu Enkai, na neno hilo hilo maana yake ni mbingu, tena ni mvua. Katika lugha yao ni neno la kike, jambo ambalo Kiswahili hakina njia ya kulionyesha. Mungu huyo ni mmoja, lakini husemwa kwa rangi mbili: Enkai Narok, Mweusi kama wingu la mvua, ndiye mwema, Enkai Nanyokie, Mwekundu, ndiye mwenye hasira. Koo nazo zimegawanyika vivyo hivyo: Odomong'i ni watu wa ng'ombe wekundu, Orok-kiteng' ni watu wa ng'ombe weusi.

Wazee husimulia kwamba hapo mwanzo Mungu aliwateremshia Wamasai ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Kwa hadithi hiyo vijana walihalalisha kuteka ng'ombe wa majirani. Majirani, bila shaka, hawakuisadiki. Na kwa kuwa nyasi ndizo chakula cha ng'ombe, nyasi nazo zina heshima: aombaye amani huzishika mkononi. Mwanamke akamuapo alfajiri hunyunyiza maziwa na kumwomba Enkai. Sala kubwa hufanywa chini ya oreteti, mti wa jamii ya mkuyu.

Oloiboni hakuwa mfalme, bali mwaguzi na mwombezi. Mbatian alipofariki karibu na mwaka 1890, wanawe Lenana na Sendeyo waligombea cheo chake, na watu wakagawanyika. Mwaka 1904, Lenana na wenziwe walipokubaliana na Serikali kuondoka katika Bonde la Ufa, waliomba wabakishiwe angalau maili tano za mraba penye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Walijua kwamba ibada yao haina nyumba, ila ina mahali.

Siku hizi Wamasai wengi wa Kajiado ni Wakristo, na kanisani Mungu bado huitwa Enkai. Lakini uwanda wa Kitengela, uliokuwa malisho ya wote, umekatwa viwanja na kuuzwa, na nyaya zimezuia njia za mifugo. Mzee atakaye kuomba mvua chini ya oreteti huenda akaukuta mti huo umo ndani ya ua wa mtu, ikambidi kwanza apige hodi.