Mgeni aliyefika kwao: siku ya kupanda maharage Mabanda

Na Mwandishi Wetu, Mabanda

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini huku kusini mwa Burundi, ambako karibu kila familia ina watu wake upande wa pili wa mpaka, yupo mgeni mmoja ambaye methali hiyo haikumfikiria. Ni ndugu aliyebaki Tanzania, akapewa uraia huko, kisha siku moja akashika njia kuja kuwatazama wenzake waliorudi kwenye ardhi ya baba yao. Huyo ukimpa kiti, ni kama umemwambia hapa si kwake. Ukimpa jembe, majirani wanaanza kuulizana anataka kipande gani.

Oktoba 2025 mwandishi wa makala haya, ambaye ni mwalimu na jirani wa familia moja ya namna hiyo katika milima ya Mabanda, alialikwa kushiriki siku ya mgeni wao. Ilikuwa siku njema. Pia ilikuwa siku iliyofunza mambo ambayo wengi wetu tuliorudi tunayakwepa.

Mvua na mgeni viliongozana

Mgeni alikuwa kaka mkubwa wa mwenye nyumba. Aliondoka kwenye kilima hiki mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka sita, wakati wa mauaji yaliyowafanya maelfu ya Warundi kukimbilia Tanzania. Familia yao iliishia Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Huko kila familia ilipewa takriban hekta 5 za pori, ikafyeka, ikalima mahindi na tumbaku. Mdogo wake alizaliwa uhamishoni. Baba yao alifia Mishamo na kuzikwa huko.

Serikali ya Tanzania ilipowapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua kati ya kurudi na kuomba uraia, nyumba hiyo iligawanyika kama zilivyogawanyika nyingi. Mdogo alirudi mwaka 2009 pamoja na mama. Kaka alibaki na watoto wake, na baada ya vyeti vya uraia kuanza kutolewa mwaka 2014 akawa Mtanzania. Tangu hapo mama na mwana walikuwa wakisikiana kwa simu tu.

Safari hii alilala Kigoma, asubuhi akapanda gari la Manyovu, akavuka Mugina kwa hati yake ya kusafiria, na kutoka hapo akakodi baiskeli. Petroli imekuwa adimu nchini mwetu miaka ya karibuni, na waendesha baiskeli wamepata kazi. Alifika Ijumaa jioni akiwa na dumu la asali ya Katavi na mfuko wa chumvi ya Uvinza. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku chache tu kabla. Vilima vilivyokuwa vyekundu mwezi Agosti vilianza kuwa kijani, mikahawa michache nyuma ya nyumba ilikuwa imetoa maua meupe, na usiku huo watoto walikesha na taa nje wakikusanya kumbikumbi.

Mama, ambaye sasa amevuka miaka 80, hakulia kama tulivyotegemea. Alimshika mwanawe kichwani kwa mikono miwili, akampapasa masikio, akasema kwa Kirundi, "Baba, umezeeka kunishinda." Watu walicheka, na hapo ndipo machozi yalipopata njia.

Jembe la asubuhi

Jumamosi alfajiri mgeni aliamka kabla ya mwenyeji, akaenda kusimama ukutani yanapotundikwa majembe. "Mwalimu," aliniambia nilipopita, "Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hizo siku mbili nimezimaliza Mishamo. Nimekaa ugenini miaka zaidi ya 50. Jembe langu liko wapi?"

Mdogo wake alisikia, akanyamaza. Si kwamba alikuwa mchoyo. Jembe likishikwa na mtu mgeni kwenye ardhi iliyowahi kugombewa, kilima kizima huliona kama hoja mbele ya baraza.

Waliporudi mwaka 2009 walikuta familia nyingine imekaa pale tangu miaka ya 1970. Familia hiyo haikuvamia usiku. Ilipewa ardhi na waliokuwa na mamlaka wakati huo, ikajenga, ikazaa, ikazika hapo. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 uliahidi kwamba wakimbizi watarudishiwa mali zao au kulipwa fidia. Lakini sheria ya ardhi ya 1986 ilimtambua aliyekaa kwenye ardhi kwa miaka 30, au 15 kama alikuwa na nia njema. Kati ya ahadi hizo mbili ndipo walipokwama watu wa Nyanza-Lac, Rumonge na huku kwetu.

Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyofahamika kwa kifupi chake cha CNTB, iliundwa mwaka 2006 na kumaliza muda wake mwaka 2022. Miaka ya mwanzo ilisukuma zaidi kugawana nusu kwa nusu. Baadaye ikaelekea kumrudishia aliyekimbia ardhi yote, jambo lililoleta uhasama mwingi. Nyumba hizi mbili ziligawana mapema. Ua wa minyaa ukapandwa katikati, na kila upande ukabaki na eneo lisilofika nusu hekta.

Mwenyeji alipata njia ya busara. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za jumuiya nchini kote, na siku hiyo kilima chetu kilikuwa kikizibua mitaro ya barabara kabla mvua kubwa hazijaikata. "Kaka, chukua lile la mpini mpya," alisema. "Twende barabarani." Barabara haina mwenyewe. Mgeni alichimba mtaro pamoja na watu 40 hivi, akasalimiana na kila mmoja kwa Kirundi chake cha zamani, kile cha watoto wa 1972 kilichokua porini bila kusikia maneno mapya. Vijana walimcheka kidogo. Wazee walimsikiliza kama wanaosikiliza redio ya enzi zao.

Swali la jirani

Saa saba mchana chakula kilikuwa tayari: ugali wa muhogo, maharage, kisamvu kilichoungwa kwa mawese ya Nyanza-Lac, ndagala na zile kumbikumbi zilizokaangwa na chumvi ya mgeni mwenyewe. Chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, kiliwekwa katikati na mirija ikachomekwa. Mwenye nyumba alionja kwanza, kama desturi inavyotaka, ili kila mtu aone kwamba chungu ni salama.

Walioalikwa walikuwa ndugu, wazee wawili wa kilima na baba wa nyumba ya upande wa pili wa ua. Kumwalika huyo wa mwisho lilikuwa wazo la mama. "Ukimficha mgeni," alimwambia mwanawe mdogo, "jirani atamtafuta gizani."

Jirani hakuchelewa. Mrija ulipomfikia mara ya pili alifuta mdomo na kuuliza kwa heshima, "Mzee, tunafurahi kukuona. Naomba usikasirike. Umekuja kutembea, au umekuja kupima?"

Hakuna aliyeshangaa. Swali hilo lilikuwa limekaa pale uani tangu Ijumaa jioni.

Mgeni aliweka chini sahani yake. Alieleza kwamba anayo ardhi Mishamo na kaburi la baba yake la kutunza. "Mimi natunza kaburi, huyu anatunza itongo," alisema, akitumia neno letu la ardhi ya ukoo. "Sina cha kupima."

Jirani alikubali kwa kichwa, lakini hakuridhika. "Wewe sina shaka nawe. Wanao je?"

Hapo ndipo penye uzito. Kwa mila zetu ardhi ya baba hugawanywa kati ya watoto wa kiume, na nchi yetu bado haina sheria ya mirathi ya ardhi inayosema vingine kwa uwazi. Mgeni ana wana wanne. Zile hekta 5 za Mishamo, zilizoonekana kama nchi nzima wakati baba yao akifyeka, zikigawiwa kwa wana na wajukuu si nyingi tena. Mtoto mmoja akishindwa maisha huko, ni nini kitakachomzuia kuja miaka 20 ijayo na kusema babu yake aliacha itongo Mabanda?

Mdogo mtu, aliyekuwa kimya kwa muda mrefu, alisema jambo alilokuwa amelibeba kwa miaka. "Kaka, mimi pia naogopa. Siogopi wewe. Nawaogopa watoto wetu watakapokuwa hawajuani."

Alipendekeza waandike karatasi kwamba kaka hadai kitu. Mgeni aliinama. "Nikiandika kwamba sidai," alijibu taratibu, "si nitakuwa nimejifuta? Huko nilikana uraia wa Burundi ili nipate ule wa Tanzania. Huku nikane na baba? Nitakuwa nimetoka wapi?"

Karatasi yenye sehemu mbili

Aliyefungua fundo alikuwa mmoja wa wale wazee, mtu aliyewahi kusuluhisha magomvi mengi ya mipaka hapa kilimani. Alisema karatasi iwe na sehemu mbili, na mpangilio wake usibadilishwe. Kwanza iandikwe kwamba mgeni ni mtoto wa kwanza wa nyumba hii, alizaliwa hapa, na hakuna atakayemwita mgeni akija na watoto wake kulala, kuoa, kuzika au kula. Pili iandikwe kwamba kulima na kurithi upande huu wa ua amemwachia mdogo wake na watoto wa mdogo wake, na kwamba ua wenyewe hauguswi na nyumba yoyote.

"Ukianza na la pili, umemfukuza," alieleza mzee huyo. "Ukianza na la kwanza, yeye mwenyewe ndiye anayetoa."

Mgeni alifikiri kwa muda, kisha akaomba liongezwe jambo moja, kwamba wanawe wanne wasomewe karatasi hiyo kwa simu kabla yeye hajaweka dole gumba. Jirani alisema hilo ni haki. Baadaye jirani huyohuyo ndiye aliyemgeukia mwenyeji na kusema, "Basi mpe jembe."

Jioni hiyo mgeni alipanda maharage mistari miwili katika shamba la mama yake, mbegu tatu tatu kwenye kila shimo, huku mama ameketi kwenye mkeka akimwambia anafukia kwa kina mno. Yatavunwa Januari, naye hatakuwepo.

Karatasi iliandikwa Jumapili mbele ya mashahidi sita wa nyumba zote mbili. Wana watatu waliipokea bila neno. Wa nne, aliye kijana kuliko wote, aliuliza maswali mengi na kukata simu bila kusema ndiyo wala hapana. Wazee waliandika hata hilo. Jumatatu, kabla mgeni hajaondoka, alipewa kinywaji cha kuagia tunachokiita agashinguracumu, yaani cha kung'oa mkuki, ule ambao mgeni wa zamani aliuchomeka mlangoni alipoingia. Kisha akasindikizwa mpaka barabara ya Mugina.

Kwa wenye ndugu ng'ambo

Ndugu msomaji, wengi wetu tuna mgeni wa namna hii atakayekuja, na wengine ndio mgeni mwenyewe. Tangu 2017 wamerudi pia wengi kutoka kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na maswali ni yaleyale. Haya ndiyo niliyoyaona yakifaa.

Mwite jirani mnayepakana naye siku ileile ya kwanza. Hofu yake haipungui kwa kutoalikwa.

Ongeeni mambo ya ardhi wakati wazazi bado wapo. Mama huyu ndiye pekee aliyejua ua wa zamani ulipita wapi, na neno lake lilikata ubishi mara mbili.

Andikeni, na msiishie kwenye karatasi ya nyumbani. Sheria ya ardhi ya 2011 ilifungua njia ya kupata hati katika huduma ya ardhi ya komine. Karatasi ya mashahidi husaidia hati hiyo kutolewa bila pingamizi.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, ambao mara nyingi ndio mnaobeba salamu na mizigo ya familia hizi, kumbukeni kwamba shehena ya bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki isiyozidi dola 2,000 inaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Asali ya ndugu ikigeuka biashara, ichukulieni cheti hicho palepale mpakani.

Na huyo mwana wa nne, asiyesema ndiyo wala hapana, baba yake ameahidi kumleta mwenyewe msimu ujao wa kupanda. Mwenyeji ameshanunua mpini mwingine wa jembe.