Mjomba Huyu ni wa Nani? Mashabiki wa Mrisho Mpoto katika Kumbi za Vyuo vya Morogoro

Katika semina zetu za fasihi ipo desturi moja ambayo sasa imekuwa kama sheria. Mwanafunzi hupewa maneno ya wimbo yaliyopigwa chapa, akaambiwa atafute dhamira, ujumbe, falsafa na matumizi ya lugha, kisha akae chini. Watu waliouitikia wimbo huo, waliocheka, waliozomea, waliopanda juu ya viti, hawamo kwenye karatasi, kwa hiyo hawamo kwenye uhakiki. Makala haya yanakusudia kuwarudisha ukumbini. Nitafanya hivyo kwa kueleza mambo ninayoyaona kwa mashabiki wa Mrisho Mpoto miongoni mwa wanachuo wa hapa Morogoro, na hasa jinsi neno moja tu, "mjomba", linavyogawanyika mara mbili likishatamkwa mbele yao.

Kwa wasiomfahamu vizuri (kama wapo), Mpoto ni mtu wa Songea aliyepikwa kisanaa katika jukwaa la maigizo, akiwa na kundi la Parapanda, kabla ya kujulikana nchi nzima kwa ghani zake. Hupanda jukwaani miguu mitupu. Haimbi, bali anaghani, yaani anasema kwa mapigo huku bendi ikimfuata taratibu na mwimbaji mwingine akishika kiitikio. Ukimwita mwanamuziki umekosea nusu, ukimwita mwigizaji umekosea nusu nyingine. Vazi lake, mkono, jicho, na kule kunyamaza kwake kwa ghafla, vyote ni sehemu ya kazi yenyewe na haviwezi kupigwa chapa.

Fani hii si ngeni kwetu. Ebrahim Hussein alitoa Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini mwaka 1976, tamthilia mbili za msimulizi mmoja anayesimama mbele ya watu na kubeba mchezo mzima kwa sauti yake. Ajabu ni kwamba wengi wetu tumezisoma kimya kimya, kila mtu kitandani kwake hosteli, tukibishana nani anajua jogoo ni nani. Naye Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kwenye jarida la Mulika kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alishasema wazi kwamba fasihi hiyo ni tukio, na kwamba fanani, hadhira, fani, mahali na wakati ndivyo vinavyoamua sura yake. Tunamnukuu sana Mulokozi kwenye utangulizi wa kazi zetu za semina. Tukifika ukurasa wa pili tunamsahau.

Sasa tuingie ukumbini. Maonyesho ya vyuoni, iwe Mazimbu, Mzumbe au kwingineko, yana taratibu zake. Msimu mkubwa ni ule wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza, halafu zinafuata siku za utamaduni na mahafali. Mahudhurio yanategemea sana kama bumu limeingia au bado. Likichelewa, ukumbi unajaa watu wa dirishani. Kabla ya bendi kuanza, mara nyingi wanachuo wenyewe hupanda na kughani, na kazi za Mpoto ndizo zinazopendwa kuliko zote. Sababu moja ni nyepesi: hazihitaji gitaa wala sauti tamu, zinahitaji kifua na ujasiri. Sababu nyingine ni nzito zaidi, nayo ni fumbo.

Fumbo la Mpoto hufanya kazi hivi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 alitoka na ghani ambamo mpwa anazungumza na mjomba wake aliye mbali, akisema kuwa akipata nauli atamwendea amweleze hali ilivyo nyumbani. Hamtaji mtu. Hakuna cheo, hakuna chama, hakuna ikulu. Lakini nchi nzima ikasema: mjomba ni rais. Nani kasema? Msanii hakusema. Waliosema ni wasikilizaji, kwa kicheko chao na kwa kutazamana kwao. Hapo ndipo ilipo nguvu ya fani hii, na hapo pia ndipo ilipo kinga yake, kwani ukitaka kumkamata aliyetamka tusi huna budi kuukamata ukumbi mzima. Kwa mwanachuo, ambaye mkopo wake, mtihani wake na kitanda chake viko mikononi mwa wakubwa, kicheko cha watu mia tano si kitu kidogo. Anacheka na hakuna anayeweza kumuuliza unamcheka nani.

Niseme kidogo juu ya mashabiki wa aina nyingine, ili tofauti ionekane. Katika miaka ya 1990, makundi ya Muungano, lililoanzishwa na Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre, lililoanzishwa mwaka 1992 chini ya John Komba, ndiyo yaliyoteka kumbi za nchi hii kwa maonyesho ya mseto: ngoma, sarakasi, maigizo, vichekesho, na mwisho taarabu ya mipasho. Shabiki wa mipasho hakukaa kitako. Mstari ukimgusa, aliinuka na noti mkononi, akacheza polepole hadi mbele, akamtunza mwimbaji, na njiani akamkata jicho yule anayemlenga. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni Tanzania, ameonyesha vizuri jinsi kutunza kunavyoufanya wimbo wa mtu mwingine kuwa kauli yako mwenyewe. Yaani ile noti ni sahihi. Unatia saini hadharani, kila mtu anakuona.

Wanachuo hawatunzi. Wengine watasema ni kwa sababu hatuna hela, na kweli hatuna, lakini nadhani sababu si hiyo peke yake. Katika ghani ya Mpoto hakuna anayetaka kutia sahihi. Mipasho inataka ujulikane; fumbo linataka mpotee ndani ya wengi. Siku hizi mashabiki wanainua simu, ukumbi mzima unameta kama kijiji cha vimulimuli, lakini hata hiyo simu inamrekodi aliye jukwaani, haimrekodi aliyeishika.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba hadhira ni moja. Si moja, na Morogoro ndiyo inayotufundisha hivyo.

Vyuo vya hapa vimekusanya watu kutoka kila pembe: Moshi, Shinyanga, Bukoba, Mbeya. Kwao, kwa sehemu kubwa, ukoo unafuata upande wa baba. Mjomba, huyu kaka yake mama, ni ndugu wa pembeni na wa raha, wa kumwomba hela ya soda, wa kutaniana naye. Mtaani kashakuwa "anko" tu, na kila kondakta wa daladala ni anko. Basi mghani anapoita "mjomba" kwa sauti ya kulalamika, kundi hili hucheka mara moja. Wanasikia kejeli: mkubwa wa nchi kageuzwa kuwa anko mwenye hela asiyepokea simu.

Lakini ukumbini wamo pia vijana waliotoka huko juu, Mgeta, Matombo, Kinole, wana wa Uluguru. Waluguru wanafuata ukoo wa mama. Ardhi ni ya ukoo, na mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mwenye sauti juu yake kwa jadi ni kaka wa mama. Young na Fosbrooke waliandika juu ya mfumo huu mwaka 1960, wakieleza siasa za ardhi milimani baada ya zile ghasia za mwaka 1955 za kukataa kilimo cha matuta ya ngazi, na mtu yeyote akipanda leo hadi Nyandira akauliza shamba hili ni la nani ataona kuwa habari za ukoo hazijaisha. Mambo yamebadilika, sikatai: kuna baba wanaowanunulia watoto wao viwanja Kihonda, kuna mahakama, kuna dini. Hata hivyo neno "mjomba" huko juu halijawa neno la soda.

Nilianza kulitambua jambo hili kwa sababu ya msichana mmoja wa Mgeta aliyekuwa amekaa karibu nami katika onyesho la wanachuo. Mwenzetu alikuwa anaghani ile kazi ya mjomba, ukumbi unavunjika mbavu, yeye katulia tuli. Nikamuuliza, dada, vipi, huipendi? Akanijibu, "Naipenda sana. Ila nyie mnacheka nini, kaka? Mjomba hachekwi hivyo. Huyu anadaiwa."

Anadaiwa! Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama watu badala ya kutazama jukwaa. Yako mashavu yanayocheka na yako mashavu yanayokaza katika mstari ule ule. Aliye upande wa baba anasikia mpwa anayeomba msaada, na aliye upande wa mama anasikia shauri la ukoo: mjomba aliyekabidhiwa mali ya watu anatakiwa aeleze kaifanyia nini. Na zaidi ya hapo, kwa jadi ya ukoo wa mama, anayetarajiwa kumrithi mjomba ni mpwa, mtoto wa dada yake. Ukiisoma ghani kwa macho hayo, msemaji si maskini anayebisha hodi. Ni mrithi anayetaka kwenda kukagua kilicho chake kabla hakijaliwa chote. Nauli inayomkosesha safari inakuwa jambo la uchungu wa namna nyingine kabisa.

Sidai kwamba Mpoto alikusudia hivyo, maana yeye ni mtu wa kusini na wala hakutunga kwa ajili ya Uluguru. Ninachodai ni kwamba karatasi ya semina haiwezi kunionyesha maana hii hata niikodolee macho hadi asubuhi, kwa sababu haimo kwenye maneno. Imo kwa dada wa Mgeta. Na mhakiki atakayeandika kuwa "mjomba ni ishara ya kiongozi" akaishia hapo, atakuwa ameandika nusu ya jibu na kupewa alama zote, kama inavyotokea.

Kuna tatizo moja la mashabiki hawa ambalo lazima nilitaje, maana mapenzi yasitupofushe. Wanaijua kazi mno. Ghani inaishi kwa kunyamaza: fanani anafika ukingoni mwa neno, anasimama, watu wanashika pumzi, kisha anawatua pale ambapo hawakutegemea. Wanachuo wameshasikiliza kwenye simu mara mia, kwa hiyo kabla hajafika ukingoni wao wamekwisha kuruka. Wanapiga kelele ya mstari mzima, tena kwa furaha, na pale palipotakiwa kuwa na kimya panakuwa na kwaya. Kitendawili ambacho kila mtu anajua jibu lake kimegeuka wimbo wa mchakamchaka. Mashabiki wa bendi hawana hatari hiyo. Wapenzi wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz waliposhika kiitikio pamoja naye, hapa hapa mji kasoro bahari, walimwongezea kitu. Katika ghani kinapungua.

Waghani wetu wa chuoni wenye akili wamelijibu tatizo hili kwa njia ambayo babu zetu waliijua: wanabadilisha. Nimemwona mmoja aliyemfanya mpwa aende stendi ya Msamvu, akaulizia gari la Mgeta, akaambiwa barabara imekatika kwa mvua, akarudi hosteli kwa miguu. Kwaya ilinyamaza. Hawakuwa na mstari huo kwenye simu zao. Halafu wale wa milimani ndio waliocheka safari hii, peke yao, na wa Moshi na Bukoba wakageuza shingo kutazama kuna nini. Kwa maoni yangu huyo kijana alifanya uhakiki bora kuliko karatasi nyingi za semina nilizozisoma, na alifanya kwa dakika mbili.

Ipo kazi nyingine ya Mpoto inayosaidia kupima hoja yangu. Ni Sizonje, ya mwaka 2016, ambamo mwenyeji anamtembeza mgeni ndani ya nyumba yenye mambo yasiyoeleweka. Mitaa haikukawia kumvika Rais Magufuli jina hilo. Wanachuo wakiighani, nimetazama tena mashavu, na mgawanyiko ule siuoni. Wote wanacheka pamoja, wote wanakaza pamoja. Sizonje si jina la udugu. Hakuna ukoo unaolidai, kwa hiyo wa kwa baba na wa kwa mama wanaingia katika nyumba ile kwa mlango mmoja.

Wakaguru na Wazigua nao wanafuata upande wa mama, na vijana wao wamejaa Mzumbe na Mazimbu. Mwenzangu mwenye muda muhula ujao angekaa nao safu moja ukumbini, daftari mkononi, akaandika si maneno ya ghani, hayo tunayo tayari, bali mahali kila mmoja anapocheka.